Matundu ya skrubu za tyuna mpya za gitaa: mnatoboaje nyumbani yakatoka nadhifu na skrubu zisikatike?

#1 Mwanagenzi_Shela
Salaam wanabaraza. Gitaa ni la umeme, kichwa cha tyuna sita (vifaa vya kukazia nyuzi) upande mmoja, shingo ya mbao ya mepo. Kalipa (kipimo cha taya) inasema kichwa kina unene wa 14 mm. Tyuna za zamani zimeliwa na chumvi ya bahari mpaka gia zinaruka. Mpya zimeshavuka kutoka Mokowe kuja Lamu: za kufungwa, mafuta ndani, uwiano wa gia 18:1, kila moja ina sikio moja (kibati cha kupitishia skrubu) na skrubu moja ya 2.2 mm kwa urefu wa 10 mm.

Matundu makubwa ya nguzo, zile zinazozungushiwa uzi, yako sawa, 10 mm, tyuna zinaingia bila kulazimishwa. Tatizo ni nyuma. Za zamani skrubu yake ilikaa chini ya nguzo wima, hizi mpya sikio limekaa upande, digrii 45. Hakuna tundu la zamani linalolingana. Kwa hiyo ni matundu sita mapya kwenye mepo ngumu, na drili iliyopo ni ya betri tu.

Maswali: biti ya ngapi, kina gani, na mnafanyaje tyuna zote sita zikae mstari mmoja? Na kwa nini skrubu hizi zina sifa ya kukatika shingo zikiwa nusu ndani?

#2 Fundi_Kekee
Biti ya 1.5. Kama una seti ya inchi, chukua 1/16, ambayo ni karibu 1.6. Usishuke chini ya hapo kwenye mepo. Kina 9 mm. Utamaliza kabla ya alasiri.

#3 Nahodha_Matondoni
1.5 ni kumtesa mtu. Toboa 2 mm. Mbao ngumu ukiibana sana hupasuka. Jahazini msumari hutangulizwa tundu la kekee, tena tundu la kutosha, ndipo ubao usipasuke. Ni yambo moya tu hilo hilo.

#4 Kalipa_Maweni
Nahodha, kwa heshima, msumari na skrubu havishiki kwa njia moja. Msumari hushikwa na mbao inayoubana ubavuni. Skrubu hushikwa na meno yake kuingia kwenye mbao. Skrubu yake ni 2.2 nje ya meno. Ukitoboa 2, kila jino linabaki na 0.1 mm ya kuuma kila upande. Hiyo si kushika, ni kugusa. Itazunguka siku ya kwanza, na siku ya tatu itatoka kwa kidole.

Kipimo ni shina la skrubu, yaani unene wake ukiondoa meno. Kwa skrubu ya 2.2 shina huwa kama 1.5 hadi 1.6. Kwenye mepo biti ilingane na shina, au izidi kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye mkangazi, ambao ni laini zaidi, 1.5 inatosha kabisa. Huna kalipa? Shika biti mbele ya skrubu, zielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona meno tu yanachomoza pande zote mbili na shina limefichika lote, hiyo ndiyo biti yako. Ukiona shina linachungulia, biti ni nyembamba.

Kisha jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ngumu kabla hujaligusa gitaa. Mepo haipatikani Malindi wala Lamu, lakini kipande cha mbambakofi kutoka kwa mchonga milango kitakupa picha: ni kigumu na hakisamehe.

#5 Nahodha_Matondoni
Nimekuelewa ya meno. Nilikuwa nafikiria kupasuka.

#6 Nyuzi_Sita
Mnabishana biti, ilhali unadhifu unaamuliwa kabla biti haijagusa mbao. Tundu la 1.5 lililo mahali pake ni bora kuliko la 1.6 lililokwenda upande. Fuata hivi.

Funga tyuna zote sita, usianze na moja. Mbele weka washa na bushi (nati ndefu inayoingia tunduni), kaza kwa spana ya 10, lakini kwanza kaza kidogo tu, kiasi cha tyuna kuweza kusogezwa kwa mkono. Geuza gitaa, kichwa kilale juu ya taulo iliyokunjwa. Chukua rula ya chuma, iegemeze kwenye ubavu wa masanduku ya tyuna yote kwa pamoja. Sogeza mpaka zote ziguse rula. Sasa shikilia na ukaze bushi mojamoja, ukirudi kwenye rula kila baada ya moja, kwa sababu bushi ikizunguka huivuta tyuna digrii mbili tatu kuelekea inakozunguka.

Hapo ndipo unatia alama. Usitumie penseli kupitia sikio, penseli inaandika duara, na katikati ya duara unaikisia. Tafuta biti inayoingia kwenye tundu la sikio bila kucheza. Masikio mengi yana tundu la kama 2.4, kwa hiyo biti ya 2.3 au 2.4. Izungushe kwa vidole tu, mizunguko mitatu minne, iache kishimo kidogo kwenye rangi. Kishimo hicho kiko katikati kabisa, hakina njia nyingine. Fanya zote sita, ndipo ufungue tyuna zote na uziweke kando kwa mpangilio wake.

Baada ya hapo chukua shazia iliyonolewa, au msumari wenye ncha kali, ukizamishe kishimo kidogo zaidi mpaka ufike kwenye mbao. Biti ya 1.5 ni nyembamba na inayumba, inapenda kufuata mishipa laini ya mbao. Ikikuta kishimo haina pa kukimbilia.

#7 Chuma_Cha_Barani
Mbona kazi ndefu hivyo? Acha tyuna imefungwa, toboa moja kwa moja kupitia sikio. Sikio lenyewe ndilo mwongozo.

#8 Kalipa_Maweni
#7, fanya hesabu. Tundu la sikio 2.4, biti 1.5. Tofauti 0.9, ukigawa kwa mbili, biti inaweza kukaa 0.45 mm nje ya kati upande wowote. Karibu nusu milimita. Kichwa cha skrubu kikishuka kinajibana ukutani mwa sikio na kuisukuma tyuna izunguke. Sita zikisukumwa kila moja upande wake, mstari wako wa rula umekwisha. Na biti ikigusa sikio inakwangua ganda la kromu, na Lamu kutu huanzia hapo hapo.

#9 Chuma_Cha_Barani
Basi mtu atie kibomba chembamba ndani ya sikio, tundu la ndani 1.5. Mwongozo unakuwa kamili.

#10 Kalipa_Maweni
Ukikipata, sawa kabisa.

#11 BintiLangoni
Hakuna aliyetaja rangi. Magitaa mengi ya kiwandani yana poliesta juu ya shingo, ganda gumu kama kioo. Biti ikianza kwa kasi ganda linameguka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na kipande hicho kitaonekana kando ya sikio maisha yote.

Kinga ni mbili. Kwanza, bandika tepu ya karatasi kabla ya kutia alama, halafu anza kutoboa drili ikiwa imewekwa kurudi nyuma. Biti ikizunguka kinyume haichimbi, inasaga, na inapita rangi bila kuimega. Ukishaona unga wa mbao badala ya unga mweupe wa rangi, rudisha mzunguko wa kawaida. Pili, na hii wengi hawaifanyi, baada ya tundu kukamilika chukua biti ya 3 mm mkononi, izungushe kwa vidole mdomoni mwa tundu mpaka rangi iondoke kidogo kuzunguka tundu. Usipofanya hivyo jino la kwanza la skrubu linainua rangi kama vile unavyoinua ganda la yai, na nyufa zinatoka nje ya sikio. Sikio lina upana wa kama 7 mm, kwa hiyo kijishimo cha 3 kinafichika.

#12 Mwanagenzi_Shela
Shukran nyote. #11 hilo la biti ya 3 sikulijua. Drili yangu ina kinywa cha 13 mm, na biti ya 1.5 inateleza hata nikibana mpaka mwisho. Na kina nakipimaje?

#13 Fundi_Kekee
Vinywa vingi vya 13 haviumi vizuri biti nyembamba hivyo. Zungushia shina la biti waya mwembamba wa shaba nyekundu, mizunguko iliyobanana bila kupandana, kisha bana. Lakini bora zaidi nunua jiriwa ndogo ya mkono, ile ya mafundi saa na simu. Unatoboa kwa vidole. Mepo 9 mm kwa vidole ni kama dakika mbili au tatu kwa tundu, na unahisi kila kitu kinachoendelea mle ndani.

Kina: skrubu 10 mm, toa unene wa sikio kama 1.5, inabaki 8.5 ndani ya mbao. Toboa 9, hata 9.5. Kichwa chako 14, kwa hiyo una zaidi ya milimita nne za usalama mbele. Ila pima kichwa mahali penyewe, si pembeni, vichwa vingine hukonda kuelekea ncha.

#14 Nyuzi_Sita
Na tepu ya kuonyesha kina kwenye biti ni hatari, husogea juu kidogo kila inapogusa mbao. Kata mrija wa wino wa kalamu, uvishe kwenye biti, uache 9 mm tu ya biti ikichomoza mbele. Mrija ukigusa, umefika. Hauwezi kupita hata ukisinzia.

Kwa wima: weka sidii ya zamani juu ya kichwa, upande unaong'aa juu, tundu lake la kati likizunguka alama yako. Tazama taswira ya biti kwenye sidii, kama kwenye kioo. Biti na taswira vikiwa mstari mmoja ulionyooka bila kuvunjika, uko wima. Tazama kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni.

#15 Ami_Mkomani
Swali la mwisho la #1 halijajibiwa. Skrubu hukatika kwa sababu tundu ni dogo. Basi.

#16 Kaskazi07
Ami, si hivyo tu. Hukatika kwa sababu ya madini yake. Skrubu zinazokuja na tyuna za bei ya chini ni laini, na zile zenye rangi ya dhahabu nyingine ndani ni shaba ya manjano. Tundu linaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikakatika. Dawa: tafuta skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, isiyo na urembo. Iingize kwanza katika kila tundu, ichonge meno kwenye mbao, itoe. Skrubu laini itafuata njia iliyokwisha kuchongwa. Chuma kimoja kinafanya kazi ya matundu yote sita.

#17 BintiLangoni
Mimi nasema ni bisibisi. Watu wanatumia bisibisi ya msalaba kubwa kuliko kichwa cha skrubu. Ncha haikai mpaka chini, inapanda, mtu anasukuma na kuinamisha mkono. Skrubu ya 2.2 inapokea nguvu ya kupinda juu ya nguvu ya kuzungusha, na inakatikia palepale meno yanapoanza. Kwa nyingi ya skrubu hizi msalaba namba 1 unatosha, nyingine ni namba 0. Jaribu: ikalie kwenye skrubu, geuza bisibisi iangalie chini. Skrubu ikibaki imening'inia bila sumaku, namba ni yenyewe.

#18 Kalipa_Maweni
Mnasahau sababu ya kimya kuliko zote: tundu fupi. Mtu katoboa 7, skrubu inataka 8.5. Ncha inafika chini, sikio bado lina nafasi ya milimita moja na nusu, mtu anaona haijakaza, anaongeza nguvu. Haina pa kwenda, inakatika. Vilevile unga wa mbao ukibaki chini ya tundu ni kama tundu fupi. Puliza kwa mrija wa soda, macho ukiwa umeyafumba.

#19 Ami_Mkomani
Tundu dogo na tundu fupi ni ndugu. Nilisema tundu.

#20 Kaskazi07
Ulisema dogo, ami! Bado nashikilia madini. Chukua skrubu kumi za seti ya bei ya chini na kumi za chuma kizuri, matundu yaleyale, mkono uleule. Utaona zipi zinabaki na vichwa.

#21 Nahodha_Matondoni
Na mafuta? Skrubu isipakwe kitu?

#22 Fundi_Kekee
Sabuni ya kipande, ile kavu ya kufulia. Sugua meno juu ya kipande, ingiza. Inateleza.

#23 BintiLangoni
Hapana, sabuni isitumike huku pwani. Sabuni inavuta unyevu wa hewa na ina chumvichumvi ndani yake. Unaifungia tunduni pamoja na chuma, na skrubu inaota kutu ndani ambako huioni. Baada ya miaka mtu akijaribu kuitoa inakatika, halafu lawama inakwenda kwa skrubu. Tumia nta ya nyuki. Huna, tumia mshumaa. Ile inafukuza maji.

#24 Fundi_Kekee
Maseremala wametumia sabuni vizazi na vizazi.

#25 BintiLangoni
Wametumia kwenye skrubu nene za bawaba za milango, zenye nyama ya kuliwa na kutu. Hii ina shina la milimita moja na nusu.

#26 Mwanagenzi_Shela
Ikikatika je? Niambieni kabla haijatokea.

#27 Chuma_Cha_Barani
Kama kimebaki kisiki cha kushika, koleo nyembamba. Kama kimekatikia ndani: pasi ya kulehemu, ncha yake iguse chuma peke yake kwa sekunde 20 au 30, kipoe, kisha jaribu tena. Joto linaachanisha chuma na mbao. Zungushia tepu ya karatasi na kipande cha bati chenye tundu, maana poliesta huungua na kuacha alama ya kahawia.

Kikigoma, tengeneza bomba la kukata. Pini ya springi ya 3 mm, ile yenye mpasuko ubavuni, chonga meno kwa tupa ya pembetatu, bana kwenye drili, kata kuzunguka kisiki.

#28 Kalipa_Maweni
Marekebisho: pini ya 3 ni finyu, uwazi wake wa ndani haumezi skrubu ya 2.2 kwa uhakika. Chukua ya 4. Na meno uyachonge ya kukata kuelekea kushoto, uzungushe drili kinyume. Mara nyingi pini inakishika kisiki na kukifungua yenyewe kabla hujafika chini. Usianze kwa drili moja kwa moja, pini haina ncha ya katikati na itatambaa juu ya rangi. Toboa kwanza kipande cha mbao tundu la 4, kibane juu ya kichwa kiwe mwongozo. Ukimaliza unaziba tundu kwa kizibo na kuanza upya. Sikio la 7 litafunika yote.

#29 Maulizo_Shimo_La_Tewa
Naomba kuingilia. Kwa mwenye matundu ya zamani, anayaziba na nini? #1 amesema ya zamani hayalingani, lakini kwenye gitaa lililoko mezani hapa tundu la zamani na jipya yanaingiliana nusu kwa nusu.

#30 Fundi_Kekee
Vijiti vya meno na gundi nyeupe ya mbao. Jaza mpaka visiingie tena, acha saa 24, kata sawa na uso kwa wembe, toboa. Kama matundu yanaingiliana ni lazima uzibe kwanza, la sivyo biti inateleza kwenye uwazi wa zamani kama maji kwenye mfereji.

#31 Nahodha_Matondoni
Kijiti cha mshikaki kimoja badala ya vya meno kumi. Cha 3 mm, panua tundu kwa biti ya 3, tia gundi, gonga. Kinakaa kama kabari.

#32 Nyuzi_Sita
Nahodha, angalia kijiti chako. Vijiti vingi vya mishikaki ni mwanzi. Mwanzi una nyuzinyuzi ngumu kupita mepo yenyewe zikiwa zimetandazwa kwenye nyama laini. Ukitoboa kando yake, biti ya 1.5 inaukimbia mwanzi na kuingia mbao, tundu linapinda. Kwa tundu ambalo halitatobolewa tena na linafichwa na tyuna, sawa, mwanzi hauna ubaya. Kwa lile la nusu kwa nusu, hapana.

Hata vijiti vya meno vina dosari. Mishipa yake inasimama wima, sambamba na skrubu, kwa hiyo meno ya skrubu yanaingia kwenye ncha za mishipa na hushika kidogo. Fundi anayejali huchonga kizibo kutoka kwenye ubavu wa mbao, mishipa yake ikilala kama mishipa ya kichwa. Mkangazi au mninga unafaa. Kipenyo cha 4 au 5, tundu lisafishwe mafuta, gundi, mgandamizo, kesho yake kata kwa patasi kali.

#33 Ami_Mkomani
Mpingo je? Ni mgumu kuliko yote.

#34 Nyuzi_Sita
Mgumu mno kwa kizibo. Unatoboa kwenye kiungo cha mpingo na mepo, biti inahamia upande wa mepo. Mpingo ubaki kwenye daraja na ubao wa vidole, huko ndiko unakopendeza.

#35 Nahodha_Matondoni
Mwanzi nimeutumia tundu baada ya tundu na tundu halijapinda. Ila nilitumia msumari badala ya biti. Msumari wa 1.6, kata kichwa, bana kwenye drili, ncha yake ya pembe nne inapita kati ya mishipa, haifuati chochote.

#36 Kalipa_Maweni
Msumari hautoi unga, unausukuma pembeni na kuuchoma. Kwa mbao laini ni mbinu njema, kwa mepo 9 mm utasikia harufu ya moshi, na ukuta wa tundu lililoungua hushika vibaya.

#37 Nahodha_Matondoni
Unatoa kila milimita mbili.

#38 Kalipa_Maweni
Kila milimita mbili nakubali inapunguza.

#39 Ustadh_Udi
Salaam. Kwa kuwa mafundi mko hapa: kuna anayetaka kuondoa vigingi vya mbao kwenye udi na kuweka tyuna hizi za gitaa, kwa kuwa kigingi kinateleza wakati wa kaskazi. Inawezekana?

#40 BintiLangoni
Ustadh, usimruhusu! Udi una nyuzi kumi na moja, jozi tano na besi moja. Tyuna ya kufungwa ina gramu 30 na zaidi. Hizo ni gramu 330 na ushei kwenye kisanduku cha vigingi ambacho kuta zake ni nyembamba na kimeinama nyuma. Chombo kitaangukia upande wa kichwa mkononi mwa mpigaji. Na skrubu ya 10 mm kwenye ukuta huo inatokea upande wa pili. Udi wa aina aliyopiga Zein l'Abdin, yule bingwa wa taarabu, haukuundwa kubeba chuma hicho.

Kigingi kinachoteleza kinatengenezwa kama kigingi. Tundu lisafishwe kwa rima (kipanua tundu) ya fidla, inayokonda 1 kwa 30, kigingi kichongwe kilingane, kisha kipakwe chaki na sabuni kavu kwa zamu. Sabuni iteleze, chaki ishike.

#41 Fundi_Kekee
Kumbe sabuni inakubalika!

#42 BintiLangoni
Mbao kwa mbao, ndiyo, Fundi. Chuma hakipo hapo cha kuota kutu.

#43 Ustadh_Udi
Shukran. Na kibangala, kile cha kuchongwa kwa pande moja la mbao na kufunikwa ngozi?

#44 BintiLangoni
Vilevile, vigingi vya mbao. Fungua mada yake, Ustadh, kina mambo yake mengi na huku tutakipoteza katikati ya skrubu.

#45 Kaskazi07
Turudi. Mimi naona tunaipa skrubu heshima isiyo yake. Kwenye tyuna ya kufungwa kinachobeba mvuto wa uzi ni bushi na washa mbele. Skrubu ya nyuma kazi yake ni kuzuia isizunguke tu. Ndiyo maana hata ikikatika nusu ndani, wengi wanaiacha na gitaa linapiga.

#46 Chuma_Cha_Barani
Kwa aina ya #1, ndiyo. Lakini msomaji asije akachukua hilo kwa tyuna zote. Zile za mtindo wa zamani zenye kisanduku cha bati na masikio mawili, bushi yake inasukumwa tu ndani ya tundu mbele, haina meno ya kukaza. Hapo skrubu mbili za nyuma ndizo zinazoishikilia tyuna yote. Na tyuna jirani mara nyingi hugawana skrubu moja, kwa hiyo kosa la tundu moja linaharibu mbili. Za gitaa la klasiki ndio kabisa: tatu ziko kwenye bati moja, nguzo zimeachana 35 mm, na skrubu zinaingia ubavuni mwa kichwa. Pima hiyo 35 kabla ya kununua, kuna za kipimo kingine.

#47 Kaskazi07
Sawa. Nilikuwa nazungumzia za #1.

#48 Ami_Mkomani
Bushi nayo hulegea. Kila msimu ukibadilika, kaskazi kwenda kusi, unakuta bushi zinazunguka kwa vidole. Mbao imekunywa na kukauka.

#49 Kalipa_Maweni
Mbao hutanuka kukatisha mishipa, si kwa urefu wake. Unene wa kichwa uko upande wa kukatisha, kwa hiyo ndiyo, 14 mm inaweza kucheza kidogo sana. Lakini bushi mpya hulegea mwezi wa kwanza hata hewa isipobadilika, kwa kuwa washa inajikalisha kwenye rangi.

#50 Ami_Mkomani
Mbona basi zangu hulegea kila mwaka?

#51 BintiLangoni
Ami, huenda unazikaza mno. Ukikaza kupita kiasi washa inaibonyeza rangi na mbao chini yake, na mbao iliyobonyezwa hairudi. Kila mwaka inahitaji zaidi.

#52 Ami_Mkomani
Nakaza kwa vidole viwili kwenye spana. Ni hewa.

#53 Mwanagenzi_Shela
Nimeandika hivi, nirekebisheni: tepu ya karatasi nyuma ya kichwa. Tyuna sita, rula, bushi nusu, kisha kamili. Biti ya 2.4 kwa vidole kupitia sikio. Toa tyuna. Shazia. Jiriwa ya mkono na biti ya 1.6 yenye mrija wa kalamu, 9 mm. Biti ya 3 mdomoni. Puliza. Skrubu ya chuma yenye nta kuchonga meno, itoke. Rudisha tyuna, skrubu zake zenye nta, bisibisi namba 1.

#54 Nyuzi_Sita
Mawili. Tepu ing'oe kabla ya kupitisha biti ya 3, la sivyo huoni rangi inaishia wapi. Na unaporudisha tyuna, ingiza skrubu zote sita nusu kabla ya kukaza bushi, ndipo ukaze bushi, ndipo umalizie skrubu. Ukikaza bushi kwanza tyuna inazunguka zile digrii mbili, na tundu lako zuri halionekani tena kupitia sikio.

#55 Fundi_Kekee
Kwa mepo anza na 1.5. Kupanua hadi 1.6 ni dakika, kupunguza haiwezekani.

#56 Kalipa_Maweni
Jaribu zote mbili kwenye kipande kwanza. Skrubu ikilia kwenye 1.5, nenda 1.6.

#57 Mwanagenzi_Shela
Kipande cha mbambakofi nimepata Langoni, nimetoboa matundu manne. Kwenye 1.5 mbili zimelia, moja imepinda kidogo shingoni. Kwenye 1.6 zimeingia kimya. Nikiivuta kwa koleo haitoki.

#58 Kaskazi07
Hiyo iliyopinda, ni ya rangi ya dhahabu?

#59 Mwanagenzi_Shela
Ndiyo.

#60 Ami_Mkomani
Na tundu lilikuwa dogo.